Barua kwa mwanangu: Queen, namba, na huo ukubwa mnaobishania

Mwanangu,

Voisi noti yako nimeisikiliza jikoni nikairudia tena usiku, maana nyie na hao wenzio wa Arusha mlikuwa mnaongea wote kwa pamoja hata sikujua nani kasema nini. Kama nimekupata, ubishi wenyewe ni huu: mmoja anasema Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, ni bendi kubwa na mjadala umefungwa, imeuza mamilioni, miaka yote hii bado inapigwa kila kona, sa mnataka ushahidi gani tena, na mwingine anasema watu wengi wanapenda vitu vya ovyo kwa hiyo hizo namba apelekewe mwenye duka. Afu we ukadakia eti ngoja nimuulize mama. Najua hukuniuliza kwa hekima yangu, umeniuliza kwa sababu ya zile kanda za mjomba wako baharia, lakini sawa, nakujibu.

Mi umaarufu siudharau. Kuimba kitu akakielewa mtu wa Liverpool na wa Chumbageni hapa Tanga sio mchezo. Ila umaarufu unakwambia kwamba wimbo umefika tu, na kufika kuna njia yake, na njia ina wenyewe walioijenga. Ni kama pale stendi, ukikuta basi limejaa mpaka mlangoni usikimbilie kusema hilo ndo basi zuri, uliza kwanza kama asubuhi hiyo kuna basi jingine.

Angalia mwaka 1967 wa wazungu wenyewe. Uingereza Beatles walitoa santuri moja ina "Penny Lane" upande huu na "Strawberry Fields Forever" upande ule, na mpaka leo wanamuziki wanazichambua hizo nyimbo kama watu wanaosoma tafsiri. Haikufika namba moja kwenye chati, ile orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi. Iliishia ya pili kwa sababu pale juu alikaa Engelbert Humperdinck na "Release Me", wiki sita hatoki. Na mi "Release Me" naipenda, babu yako alikuwa akiisikia redioni anaacha hata chai, lakini hakuna anayekwambia ndo ilifungua njia mpya ya muziki. Huko Marekani mwaka huohuo albamu ya pili ya Monkees ilikaa juu ya chati wiki 18, na Monkees ni bendi iliyokusanywa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, kila wiki wamo sebuleni kwa watu, sa utashindaje kuuza. Wakati huohuo Velvet Underground wametoa albamu yao ya kwanza, ile ya ndizi kwenye kava, ikaishia namba 171 huko chini, na kizazi kizima cha bendi kilichokuja baadae kimechota humo. Kwa hiyo huyo rafiki yako wa namba angekuwepo mwaka ule angetupa jibu gani?

Ila ngoja nisimpe ushindi yule mwingine, maana huyo ndo ananikera zaidi. Yeye anadhani kikipendwa na wengi basi ni kibovu. "I'm a Believer" ya haohao Monkees imeandikwa na Neil Diamond na ni wimbo mzuri, mzuri kabisa, televisheni haikuuharibu. Na hao wajuzi wanaojiona wana masikio kuliko umma nao wana historia yao ya aibu, jarida la Rolling Stone liliiponda mwaka 1969 albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki inayoheshimiwa mpaka leo, na mwaka 1979 mwandishi wao Dave Marsh akaisema Queen vibaya mpaka akaifananisha na ufashisti. Yani kutopendwa nako sio cheti.

Afu sisi watu wa Tanga ndo tusingetakiwa hata kuanza huu ubishi wa mauzo. Wakati naanza kupata akili redio ilikuwa ya serikali, Radio Tanzania, na bendi ikitaka kurekodi inafunga safari kwenda Dar kwenye studio ya redio hiyohiyo, santuri nyingi zinatengenezwa Nairobi, kanda zinanakiliwa madukani na mwenye wimbo hapati hata senti. Chati hakuna, hakuna aliyekaa anahesabu. Sa chukua Black Star Musical Club, hapahapa Tanga, wameichukua taarabu iliyokuwa ya ngoma na udi na fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, wakaingiza gitaa za umeme na besi, ikachezeka, ikavuka mpaka Kenya na Burundi. Chukua Shakila, aliyeimba na Black Star kisha Lucky Star, ile "Macho Yanacheka". Ukimpima kwa mauzo yaliyoandikwa mahali utapata karibu na sifuri. Bi Shakila kafariki 2016, na we mwenyewe umeona harusi ya dadako, wasichana waliozaliwa juzi wanaimba beti zote na hawajawahi hata kuona picha yake. Hakuna kampuni iliyokuwa inausukuma ule wimbo mwanangu. Hakuna filamu, hakuna tangazo la soda.

Na hapo ndo pa kuangalia unapoiangalia Queen, kwa sababu Queen wanasukumwa. Sisemi kwa ubaya. "Bohemian Rhapsody" ilitoka 1975, Uingereza ikakaa namba moja wiki tisa, Marekani ikaishia namba 9. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alipofariki Novemba 1991 ikarudi namba moja Uingereza, maana watu walikuwa wanalia. Mwaka uliofuata Marekani ikapanda mpaka namba 2, na huko sababu ilikuwa filamu ya vichekesho, Wayne's World, vijana wamo kwenye gari wanatikisa vichwa. 2018 ikaja filamu ya maisha yao, kila mtu tena Queen Queen. Sa niambie, wimbo ni uleule, sauti zilezile, mkanda uleule. Kama namba ndo kipimo basi wimbo ulikuwa unakua na kusinyaa kila anapotokea mtu wa kuupigia debe. Wiki moja kabla haujatoka, wakati EMI, kampuni yao ya kutoa santuri, ina wasiwasi kwamba dakika karibu sita redio haitaupiga, ulikuwa tayari ni mkubwa au bado? Mi nasema ulikuwa tayari.

Na ukubwa wenyewe umo ndani, unaweza kuuonyesha kwa kidole. Hauna kiitikio! Wimbo wa redio usio na kiitikio, unaanza na sauti tupu, unaingia piano ya huzuni, gitaa la Brian May linachukua pale maneno yanapoishia, halafu ghafla opera, watu watatu tu, Freddie na May na Roger Taylor, wamerekodi sauti zao moja juu ya nyingine mara nyingi mpaka zikawa kama kwaya nzima, kisha roki ya kupasua, kisha inarudi chini taratibu inazima. Mara ya kwanza mjomba wako alipoweka ile kanda mi nilikuwa nasuka ukili, siko hata na habari na wazungu wake, mara nasikia Bismillah. Nikasema we, rudisha hapo. Na wala hatukujua wakati huo kwamba anayeimba ni mtoto wa Unguja, kazaliwa Zanzibar 1946, Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi, watu wa asili ya India, kapelekwa kusoma India, karudi, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Watu wengi Tanga mpaka leo ukiwaambia wanakubishia.

Lakini usichukue kipimo kimoja ukapimia nyimbo zote, hapa ndo nataka umwambie yule mwenzio wa kwanza kwamba kuna mahali yuko sahihi. "We Will Rock You" ya 1977 ilitengenezwa makusudi ili umati ushiriki, May alisikia watu wanawaimbia wao baada ya shoo akaona basi tuwape wimbo wa miguu na makofi. Mguu mguu kofi. Ule wimbo kazi yake ni umati, kwa hiyo uwanja mzima ukiitikia, na watoto wa shule wanaupiga kwenye madawati bila kujua una mwenyewe, hapo wingi wa watu ni sehemu ya ushahidi kweli, kama vile ngazi unavyoijua kwa kupanda. Sio nyimbo zote ziko hivo. Ile "Another One Bites the Dust" ya 1980, iliyoshika namba moja Marekani, mi nikiisikia naisikia besi ya John Deacon tu, na Deacon mwenyewe aliichota roho yake kwa Chic, weusi wa New York na disko lao. Nzuri, inachezeka, lakini usiniambie iko sawa na ile ya 1975 kwa sababu tu nayo ilikamata namba.

Na ile "Greatest Hits" ya 1981 anayoitaja mwenzio, ni kweli ndo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, zaidi ya nakala milioni 7. Lakini ile ni mkusanyiko, nyimbo zilizokwishapendwa zimefungwa pamoja, inakuonyesha watu walirudi kununua walichokijua. Haikuonyeshi Queen walipokuwa wanatafuta, na mi bendi naipimia hapo, inapotafuta bila kujua kama kuna mtu atakuja.

Kwa hiyo jibu langu: Queen ni bendi kubwa, sio kila wimbo, miaka ya sabini kuliko ya themanini kwa masikio yangu, na ukubwa huo ungekuwepo hata wangeuza nakala mia, ila wangeuza mia mi nisingeusikia Tanga na we usingeniuliza. Umaarufu ndo uliotuletea mlangoni, kuujua uzuri wake ikawa kazi yetu wenyewe.

Jumamosi mkikaa tena wawekee "The March of the Black Queen", ya mwaka 1974, ipo kwenye albamu yao ya pili. Haikutoka kama singo na hutaisikia uwanjani. Usiwaambie ya nani, waache wamalize mpaka mwisho, afu mkitoka hapo uwawekee Shakila nao vilevile bila jina. Nataka kusikia watasema nini, na safari hii ongeeni mmoja mmoja.

Mama yako,
Tanga