Jibu kwa mdau aliyekuta ruta ya 4G ndani ya paneli ya pampu

Mkuu, umesema kiwanda chenu cha vinywaji kina PLC kadhaa (kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo) na swichi za mtandao ambazo hakuna anayezielewa vizuri, na meneja anashikilia kuwa hakuna cha kuhofia kwa kuwa mtandao wa mitambo haujaunganishwa na intaneti. Halafu umefungua paneli ya pampu ukakuta ruta ya 4G yenye laini ndani, taa zinawaka, na hakuna fundi anayejua iliwekwa na nani. Unauliza uanzie wapi wakati bajeti ni ndogo.

Anzia kwenye hiyo ruta. Faiwoli (ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao) ya mamilioni itasubiri.

Mimi ni fundi wa otomesheni, na kazi zangu nyingi ni mitambo ya maji na viwanda vya chakula. Watu wakisikia habari za kushambuliwa kwa viwanda wanaiwazia PLC. Kwa niliyoyaona, mlango huachwa wazi na vile vidude vidogo vilivyobanwa kwenye reli pembeni ya PLC: ruta, swichi, na konvata inayochukua mawasiliano ya siriali (data inayokwenda biti moja moja kwenye waya) na kuyapitisha kwenye Etheneti (mtandao wa waya). Havina skrini, havimo kwenye orodha ya mali za kiwanda, na vikishawaka siku ya kwanza hakuna anayevigusa tena mpaka vife.

Ukitaka kujua vina uzito gani, angalia yaliyotokea Ukraine tarehe 23 Desemba 2015. Washambuliaji waliingia kwenye kampuni tatu za kusambaza umeme kwa kutumia akaunti halali walizoiba, kwa sababu VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa kampuni kutoka mbali) ilikuwa inahitaji jina na nywila tu. Wakafungua vikata umeme kutoka kwenye kompyuta za waendeshaji, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Sehemu inayonihusu mimi na wewe ni ile iliyofuata: waliziandikia konvata za vituoni femwea (programu ya ndani ya kifaa) mbovu, zikafa kabisa. Hata waendeshaji waliporudishiwa kompyuta zao, amri hazikuweza kufika vituoni. Ikabidi mafundi wapande magari, waende kituo kwa kituo wakarudishe umeme kwa mkono. Konvata ni kifaa ambacho wengi wetu tunakinunua kwa kuangalia bei tu.

Sasa turudi kwenye ruta yako. Naweza kukisia ilivyofika hapo maana nimeshakutana nazo nyingi. Mkandarasi alimaliza kazi, akataka awe anaiona mitambo akiwa kwake bila kusafiri, akafunga ruta na kuweka laini. Kama alilipia anwani ya IP ya umma, yaani inayofikika kutoka intaneti, basi amefungua poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) ili aifikie skrini ya mitambo au PLC yenyewe. Mradi ukaisha, akalipwa, ruta ikabaki. Kwenye kituo kimoja cha pampu nilikuta ruta ya namna hiyo ikipeleka poti 80 na poti 502 moja kwa moja kwenye PLC, na nywila ya ruta ilikuwa ileile iliyochapwa kwenye stika ya chini. Kumbukumbu za ruta zilikuwa zimejaa majaribio ya kuingia kutoka anwani za kila pembe ya dunia. Hakuna aliyekuwa anakitafuta kituo kile kwa jina. Kuna mitambo ya utafutaji ya mtandaoni, Shodan ikiwa mojawapo, ambayo kazi yake ni kupita intaneti nzima na kuandika ni kifaa gani kinajibu kwenye poti gani. Ukijibu, unaorodheshwa.

Poti 502 ni ya Modbus, lugha ambayo vifaa vya mitambo huitumia kuwasiliana, na hapa inabidi nikae kidogo. Modbus ilitengenezwa mwaka 1979, enzi ambazo waya mmoja ulitoka kwenye kontrola ukaishia kwenye kifaa ndani ya chumba kilekile. Amri ya kubadilisha thamani moja kwa Modbus ya Etheneti ina baiti 12 tu: saba za utangulizi, moja inayosema "andika", mbili za namba ya rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya PLC), mbili za thamani mpya. Tafuta nywila ndani ya hizo baiti, hutaiona. Tafuta jina la aliyetuma, halipo. PLC ikipokea rejista na thamani, inatii. Kwa hiyo yeyote anayeifikia poti hiyo ni sawa na aliyesimama mbele ya paneli na kushika swichi kwa mkono wake. Januari 2024, mjini Lviv, Ukraine, zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikosa joto kwa karibu siku mbili katikati ya baridi kali, kwa amri za Modbus zilizotumwa kwenye kontrola za kupasha maji moto. Wachunguzi wanaamini mlango wa kwanza ulikuwa udhaifu kwenye ruta ya Mikrotik iliyokuwa wazi kwenye intaneti. Naitaja kwa sababu nyote mnajua Mikrotik zilivyotapakaa huku kwetu. Ruta yenyewe ni nzuri ikitunzwa, ila wengi wanaifunga na kuisahau.

Na usidhani ni lazima aje mtu mwenye ujuzi mkubwa. Novemba 2023, mamlaka ya maji ya mji wa Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, iliingiliwa kwenye kituo cha kuongeza presha. Kontrola iliyovamiwa ilikuwa ya Unitronics, aina iliyokuwa inatoka kwa mtengenezaji na nywila 1111, na ilikuwa inafikika kutoka intaneti. Skrini ikaonyesha ujumbe wa washambuliaji, mafundi wakahamia kuendesha kwa mkono. Nywila ya tarakimu nne, na inaaminika haikubadilishwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Muulize meneja kwa maandishi kama kuna anayeihitaji ruta ile. Piga picha ya paneli, andika waya upi unaingia wapi, kisha chomoa waya wa Etheneti unaokwenda kwenye swichi ya mitambo. Fanya wakati pampu hazina kazi muhimu, na msimamizi wa shifti awe anajua. Kama kuna mtu anaitumia kwa siri, atapiga simu mwenyewe. Ikithibitika kuwa mkandarasi anahitajika, basi umeme wa ruta upite kwenye swichi ya ufunguo iliyofungwa mlangoni mwa paneli: anapiga simu, msimamizi anawasha, kazi inafanyika, inazimwa, inaandikwa kwenye kitabu cha shifti. Kitu hicho fundi umeme wenu anakimaliza asubuhi moja. Akiunganishwa, apitie VPN yenye uthibitisho wa pili, kila mtu na akaunti yake, na laini iwe ya kiwanda, isiwe ya mkandarasi. Zile programu za kushika kompyuta kwa mbali zilizoachwa zikiwaka usiku na mchana kwenye kompyuta ya SCADA (ile ya kusimamia mitambo yote kwenye skrini), ziondoe zote.

Baada ya hapo ndipo uzunguke. Chukua daftari, fungua kila paneli, fuata kila waya kwa mkono mpaka unakoishia. Andika modeli, toleo la femwea, anwani ya IP, na aliyekifunga kama anajulikana. Ni kazi ya jasho na haina sifa, lakini bila hiyo mengine yote ni kubahatisha.

Hapa kuna onyo ambalo naliomba ulichukulie kwa uzito: usikubali mtu wa IT aje na programu ya kuskani mtandao wa mitambo, yaani kutuma maswali kwa kila kifaa, huku uzalishaji unaendelea. Nimeshuhudia kiwandani hali hiyo mchana kweupe. Skani ilipopita, konvata moja ikaganda. Kwenye skrini kina cha tangi kikabaki kwenye namba ya mwisho iliyosomwa, asilimia 61, kimetulia kabisa, hakuna alamu iliyolia. Pampu ikaendelea kujaza. Tulijua pale mtunza bustani alipokuja kuuliza maji yanatoka wapi. Vifaa vya zamani havikutengenezwa kuhimili maswali mfululizo. Ukitaka kuona kinachopita kwenye mtandao, tumia swichi yenye uwezo wa kunakili trafiki kwenye poti moja, weka laptopu isikilize tu kwa Wireshark, programu ya kusoma trafiki ya mtandao. Skani ya kweli isubiri siku ya matengenezo. Na hata kama hakuna wa kukushambulia, kila kipimo kinachopita kwenye konvata kiwekewe alamu ya mawasiliano kukatika, ili namba iliyoganda isidhaniwe kuwa namba hai.

Ukishakuwa na orodha, ingia kwenye kifaa kimoja kimoja. Badilisha nywila za mtengenezaji. Zima Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa bila usimbaji), na ukurasa wa mipangilio uende kwa HTTPS kama kifaa kinaweza. SNMP, njia ya kusimamia vifaa vya mtandao kwa mbali, ndiyo inayosahaulika kuliko zote: swichi nyingi zinakuja na neno "public" la kusoma na "private" la kuandika, na wengi hawajui kwamba kwa hilo la pili mtu anaweza kubadilisha mipangilio ya swichi bila kuijua nywila kuu. Kama hamuitumii, izime. Poti tupu za swichi zizime pia. Kabla ya kubadilisha chochote toa nakala ya mipangilio, na nakala hizo zifungie pazuri, maana vipo vifaa vinavyoandika nywila humo kwa maandishi ya kawaida.

Jambo jingine la bure ni ufunguo wa PLC. Angalia kama umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Mwaka 2017, kwenye kiwanda cha petrokemikali Saudi Arabia, programu hasidi iitwayo Triton iliweza kuandikwa kwenye kontrola za usalama za Triconex wakati ufunguo ukiwa kwenye nafasi hiyo. Rudisha kwenye nafasi ya RUN (kuendesha), toa ufunguo, ukae kwa msimamizi.

Kuhusu femwea, sikubaliani na wanaosema sasisha kila kitu mara moja. Ofisini sawa. Kwenye mitambo, sasisho likigoma katikati unaweza kusimamisha laini nzima ya uzalishaji na huna kifaa cha akiba. Linganisha orodha yako na matangazo ya udhaifu yanayotolewa na watengenezaji na CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, chagua yale yanayogusa vifaa vinavyofikika kutoka nje ya eneo la mitambo, yapange kwenye likizo ya mwaka ya kiwanda. Kifaa ambacho mtengenezaji ameshakitelekeza, kifiche nyuma ya faiwoli na ukiombee bajeti ya kubadilishwa.

Pesa kidogo mtakayopata iende kwenye kutenganisha mtandao wa ofisi na wa mitambo. Swichi zinazoweza kupangwa, faiwoli moja katikati, na kanuni fupi: seva fulani inasoma kutoka kontrola fulani, mengine yote yamefungwa. Viwango vya IEC 62443, vya usalama wa mitandao ya mitambo, vinaita hayo kanda na njia za kupitia baina ya kanda. Ukiandika ripoti tumia lugha hiyo, wakaguzi wanaielewa. Nakala za programu za PLC, skrini, swichi na konvata ziwe kwenye diski isiyounganishwa popote, kwenye kabati la kiwanda. Nimeona viwanda ambavyo programu ya PLC ipo kwenye laptopu ya mkandarasi peke yake, na yeye hapokei simu.

Kwa meneja, usiende na hadithi za wadukuzi. Nenda na picha ya ruta ile, muulize ni nani anailipia laini. Sidhani kama atarudia kusema hamjaunganishwa. Akikuruhusu ujaribu usalama wa mfumo, ruhusa iwe ya maandishi yenye sahihi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo bila idhini. Na mkikuta dalili kwamba mtu ameshaingia, msifute kumbukumbu za ruta wala kuirudisha kwenye mipangilio ya mtengenezaji. Ichomoeni mtandaoni, muitunze, muwasiliane na TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao.

Ukipata modeli ya ruta na ya zile swichi, ziweke hapa tusaidiane kupanga mipangilio. Anwani za IP na jina la kiwanda usiyaandike, na picha za paneli zifunike stika kwanza.