Gyeongju: lala hata usiku mmoja

Umeuliza kama siku moja inatosha kuiona Gyeongju, mji wa Korea Kusini, ukitokea Seoul. Treni ya kasi ni kama saa mbili, kwa hiyo kwenda na kurudi inawezekana, ila nakusihi ndugu yangu, lala huko. Mji huu ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Silla, ufalme wa kale wa Korea, hadi mwaka 935, na makaburi yao ni vilima vya nyasi katikati ya mji, vingine virefu kuliko nyumba za jirani. Kimoja, Cheonmachong, unaingia mpaka ndani. Jioni nenda bwawa la Wolji, lililochimbwa mwaka 674. Taa zikiwaka, mapaa ya mabanda ya kando ya bwawa yanajionyesha majini, vigae na nguzo nyekundu, utasimama tu uangalie. Hekalu la Bulguksa liko mbali kidogo, panda basi asubuhi.