Unga wa inosini na kidole gumba cha mguu

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mwendesha baiskeli wa mashindano hapa Jinja. Niliuziwa unga wa inosini, nikaambiwa unaongeza pumzi. Sasa kidole gumba cha mguu kimevimba, usiku hata shuka likikigusa naumia. Vinahusiana?

JIBU: Huenda, ndugu yetu. Acha unga huo leo.

Inosini si sumu. Mwili huitengeneza wenyewe kutokana na adenosini, kemikali iliyomo kwenye seli. Shida ni inakoishia. Vimeng'enya huivunja iwe haipozanthini, kisha zanthini, mwishowe asidi ya yuriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, huweza kuganda kama chembe zenye ncha kwenye maungio yenye ubaridi kuliko mengine mwilini, hasa kidole gumba. Hilo ndilo jongo. Figoni huleta mawe.

Na pumzi? Mwaka 1996 waendesha baiskeli walipewa gramu 5 kwa siku, kwa siku 5. Hawakuongeza kasi, asidi ya yuriki ndiyo iliyopanda. Hata wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) waliopewa inosini katika jaribio Marekani hawakupata nafuu, na mawe ya figo yaliongezeka.

Nenda kituo cha afya upimwe asidi ya yuriki na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo). Kipimo kikiwa cha kawaida wakati wa maumivu, rudia baada ya wiki 2 hivi, kwani huweza kushuka jongo likiwaka. Usimeze aspirini. Kunywa maji; pumzisha mukene (dagaa), maini, bia na waragi. Ukipata homa kali, wahi hospitali: huenda ni usaha kwenye kiungo.