Wasomaji Wanauliza: Wooper, Quagsire na Clodsire

Safari hii maswali yote yanamhusu amfibia mmoja wa michezo ya video ya Pokémon: Wooper, yule mdogo wa buluu mwenye matamvua yanayochomoza pande mbili za kichwa, pamoja na Quagsire na Clodsire wanaotokana na ukoo wake. Majina ya mbinu, vifaa na uwezo tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili msomaji ayapate kirahisi.

SWALI: Wooper wangu amefika kiwango cha 20 na amekuwa Quagsire. Uwezo wake ni Damp. Rafiki yangu anasema bila Unaware hana faida. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako amezidisha kidogo, ila msingi wa hoja yake ni sahihi. Tazama takwimu za msingi za Quagsire (Attack na Defense huhusu mapigo ya kimwili, zile za Special mapigo yasiyo ya kimwili, Speed ni kasi): uhai 95, Attack 85, Defense 85, Special Attack 65, Special Defense 65, Speed 35. Jumla ni 430. Hizo ni namba za mchezaji wa benchi. Kinachomwingiza kwenye kikosi ni mambo mawili: aina yake ya Maji na Ardhi, ambayo Umeme haumgusi kabisa, na uwezo wa Unaware.

Damp huzuia milipuko kama Explosion na Self-Destruct isifanye kazi, basi. Utakaa mapigano mengi bila kukutana nazo. Water Absorb ni bora zaidi: akipigwa kwa mbinu ya Maji haumii, na akiwa amepungukiwa hurudishiwa robo ya uhai wake. Unaware nayo humfanya asitambue mabadiliko ya takwimu ya mpinzani. Adui aliyetumia Swords Dance amezidisha Attack mara mbili. Aliyetumia Belly Drum ameizidisha mara nne. Wakimpiga Quagsire mwenye Unaware, hesabu hufanywa kana kwamba hawakuongeza chochote.

Unaware ni uwezo uliofichwa, kwa hiyo Ability Capsule haitakusaidia: hiyo hubadilisha kati ya Damp na Water Absorb tu. Unahitaji Ability Patch. Katika michezo ya Scarlet na Violet, zitafute kwenye mapigano ya pamoja yaitwayo Tera Raid, yale ya nyota 6. Njia nyingine ni kuzalisha. Mama mwenye Unaware humrithisha mtoto kwa uwezekano wa asilimia 60, na ukitumia Ditto, Pokémon anayezaana na karibu wote, hata dume anaweza kurithisha kwa kiwango hicho hicho.

SWALI: Nina Quagsire mwenye Unaware, lakini Haxorus aliyecheza Dragon Dance alimmaliza kwa mapigo mawili. Mchezo una hitilafu?

JIBU: Hapana. Haxorus huyo bila shaka ana Mold Breaker, uwezo unaopita juu ya uwezo wa anayepigwa. Mbele yake Unaware haipo, na nguvu zote alizojiongezea zinahesabiwa. Ukimwona Haxorus, usimtegemee Quagsire kumzuia.

Swali hili linastahili maelezo marefu, maana hapa ndipo wengi wanapompoteza Quagsire. Unaware hupuuza ngazi za takwimu, yaani zile zinazopanda na kushuka wakati wa pigano. Haipuuzi kitu kingine chochote. Kifaa cha Choice Band bado humpa adui Attack mara moja na nusu. Kifaa cha Life Orb bado huongeza pigo kwa asilimia 30. Azumarill mwenye Huge Power akitumia Belly Drum, ile Belly Drum inafutika, lakini Huge Power inabaki, na Attack yake bado ni maradufu. Stored Power nayo ni mtego: nguvu ya mbinu yenyewe hukua kwa 20 kwa kila ngazi aliyopanda mtumiaji, na ukuaji huo Unaware hauuoni kama ngazi. Adui aliyejijenga kwa zamu nne au tano kisha akatumia Stored Power atapita.

Speed haihusiki pia. Gyarados akicheza Dragon Dance atatangulia kupiga kama kawaida, ila pigo lake litakuwa la Attack isiyoongezwa. Kwa Quagsire hilo si hasara kubwa. Kwa Speed ya msingi ya 35 alikuwa atapiga wa mwisho vyovyote vile.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau. Unaware hupuuza kushuka pia. Ukimwingiza kwanza mwenzake mwenye Intimidate ili apunguze Attack ya adui, kisha ukamleta Quagsire, punguzo lile halitamfaa hata kidogo. Vivyo hivyo ukishusha Defense ya adui halafu Quagsire apige: atapiga kana kwamba haikushuka. Ukitaka kumlinda, tumia vitu visivyo ngazi. Kuungua hupunguza madhara ya mapigo ya kimwili kwa nusu, na Reflect hufanya kazi vizuri. Faida ni kwamba adui anayejificha kwa Double Team hajifichi kwake. Ongezeko la kukwepa nalo halihesabiwi Quagsire anaposhambulia.

Ngazi zake mwenyewe hazifutwi. Curse akiitumia inampa Attack na Defense kama kawaida, isipokuwa mpinzani naye awe na Unaware.

SWALI: Naomba mpangilio kamili wa mafunzo, kuanzia nature (tabia ya Pokémon) hadi EV (pointi za mafunzo).

JIBU: Mpangilio tunaoupendekeza ni wa ukuta wa kimwili. EV 252 kwenye uhai, 252 kwenye Defense, na 4 kwenye Special Defense. Nature iwe Impish, inayopandisha Defense na kushusha Special Attack, maana pigo lake kuu ni Earthquake. Bold chagua tu ikiwa hatabeba pigo lolote la kimwili. Kwa kiwango cha 50 na IV (pointi za kuzaliwa) za 31, yaani za juu kabisa, utapata uhai 202 na Defense 150. Ukiona pungufu, kuna kitu kimekosewa.

Njia ya haraka ni vitamini: HP Up 26 na Iron 26. Kila moja hutoa EV 10, na ile ya 26 hujazia zile 2 za mwisho. Bei ni 10,000 ya fedha za mchezo kwa kila moja, jumla 520,000. Asiye na fedha hizo amvalishe Power Weight kwa uhai, kisha Power Belt kwa Defense. Kila kimoja huongeza EV 8 kwa kila adui anayeshindwa, juu ya zile za kawaida.

Kosa la kawaida hapa: Quagsire aliyepigana safari nzima ya hadithi tayari ana EV zilizotapakaa, na kikomo cha jumla ni 510. Vitamini zitakataa kabla hujafika 252. Mlishe kwanza matunda yanayopunguza EV 10 kila moja: Kelpsy kwa Attack, Hondew kwa Special Attack, Grepa kwa Special Defense, Tamato kwa Speed. Nature isiyofaa irekebishe kwa Impish Mint. Kumbuka tu kwamba mint haibadilishi kinachorithiwa. Mtoto hurithi nature ya asili.

Mbinu ni Earthquake, Recover, Yawn, na ya nne kulingana na kikosi. Recover haina mbadala. Hurudisha nusu ya uhai, lakini tangu Scarlet na Violet PP zake (mara anazoweza kuitumia) ni 5 badala ya 10, na hata ukiziongeza hadi mwisho zinakuwa 8. Usiitumie akiwa na robo tatu ya uhai kwa sababu ya woga. Mshikishe Leftovers ili ule uhai wa 1/16 kila zamu ukupunguzie matumizi ya Recover.

SWALI: Recover ninampaje? Haipo kwenye orodha yake ya kupanda viwango.

JIBU: Ni mbinu ya yai, yaani mtoto huirithi kwa mzazi. Katika Scarlet na Violet si lazima uzalishe upya. Msahaulishe mbinu moja ili pabaki nafasi tupu, mshikishe Mirror Herb, kisha fungua pikiniki ukiwa na Pokémon mwingine kikosini anayejua Recover. Gastrodon anafaa, huipata kwa kupanda viwango. Ukifunga pikiniki, itakuwa imeingia. Isipoingia, karibu kila mara sababu ni moja: hakukuwa na nafasi tupu.

SWALI: Je, kuna njia ya kumwokoa na mbinu za Majani? Kila mtu ananipiga nazo.

JIBU: Majani humuumiza mara nne, kwa sababu Maji na Ardhi zote ni dhaifu kwayo. Huo ndio udhaifu wake pekee, na ni mkubwa. Hata Grass Knot, kwa uzito wake wa kilo 75, humpiga kwa nguvu ya 80 kabla ya kuzidishwa.

Rindo Berry hupunguza pigo moja la Majani kwa nusu, ukipata nafasi ya kujibu. Dawa ya kudumu zaidi kwa Scarlet na Violet ni Tera, yaani kumbadilisha aina katikati ya pigano: Sumu au Chuma hugeuza udhaifu ule kuwa ukinzani. Kubadilisha aina ya Tera hufanyika Treasure Eatery mjini Medali kwa Tera Shard 50 za aina unayotaka. Gharama yake ni kwamba ukiitumia tu, kinga ya Umeme inaondoka pamoja na Ardhi. Kwa maoni yetu, kikosi kinachomtegemea Quagsire dhidi ya Umeme kisimpe Tera. Kimtoe tu uwanjani adui wa Majani anapoingia.

SWALI: Nilihamisha Quagsire wa buluu hadi Violet kupitia HOME (programu ya kuhamishia Pokémon), nikazalisha naye, lakini Wooper aliyetoka ni wa kahawia. Je, nikimkuza atakuwa Quagsire?

JIBU: Hatakuwa. Wooper wa kahawia ni wa Paldea, eneo la Scarlet na Violet, aina ya Sumu na Ardhi, na akifika kiwango cha 20 huwa Clodsire. Wa buluu huwa Quagsire. Hawaingiliani.

Ukizalisha ndani ya Paldea, yai hufuata umbo la Paldea. Mvalishe mzazi wa buluu Everstone, ndipo mtoto atakuwa wa buluu. Everstone hiyo hiyo hurithisha na nature yake, kwa hiyo hakikisha mzazi huyo ana nature unayoitaka. Mzazi wa pili mpe Destiny Knot, ili IV 5 zirithiwe kutoka kwa wazazi badala ya 3.

Lakini usimtupe yule wa kahawia. Clodsire ana jumla ile ile ya 430, ila imegawanywa tofauti: uhai 130, Special Defense 100, Defense 60, Speed 20. Naye anaweza kuwa na Unaware. Majani kwake ni pigo la kawaida tu. Udhaifu wake ni Maji, Ardhi, Barafu na Psychic. Kwa kuwa ni wa Sumu, Toxic yake haikosei, na akiingia uwanjani huzifuta Toxic Spikes zilizotegwa upande wako. Quagsire mpange dhidi ya wapigaji wa kimwili, Clodsire dhidi ya wale wa Special. Tukilazimishwa kuchagua mmoja kwa Scarlet au Violet, tunamchukua Clodsire bila kusita.

SWALI: Dume na jike nitawatofautishaje?

JIBU: Kwa Wooper, matamvua ya dume yana matawi mengi zaidi. Kwa Quagsire, pezi la mgongoni la dume ni kubwa.

SWALI: Katika Pokémon GO, mbona Quagsire mwenye nyota tatu kamili anashindwa na wa rafiki yangu mwenye Attack 0?

JIBU: Great League, moja ya ligi za mapigano za GO, ina kikomo cha CP (nguvu ya pigano) 1,500. Katika fomula ya CP, Attack huingia nzima, lakini Defense na uhai huingia kwa kipeuo chao cha pili. Kila pointi ya Attack inakula sehemu kubwa ya kikomo. Quagsire mwenye IV zilizo karibu na 0/15/15 (Attack/Defense/uhai) huweza kupandishwa viwango zaidi kabla ya kugota 1,500, na mwishowe jumla ya takwimu zake huwa kubwa. Kabla ya kutumia peremende 50 kumgeuza Wooper, pima kwanza CP atakayotua nayo. Akivuka 1,500 hakuna kumrudisha.

SWALI: Wanatokana na wanyama gani halisi?

JIBU: Wooper anafanana na aksolotli, salamanda wa Xochimilco nchini Meksiko, anayefika utu uzima na kuzaa huku bado ana matamvua ya nje ya utotoni. Tofauti ni kwamba aksolotli ana miguu minne, Wooper ana miwili tu, bila mikono. Quagsire, mwenye urefu wa mita 1.4, anakumbusha salamanda mkubwa wa Japani. Clodsire ndiye mfano tunaoupenda zaidi. Paldea imechorwa kwa sura ya rasi ya Iberia, na huko Hispania na Ureno yupo amfibia aitwaye Pleurodeles waltl. Akishikwa na adui, husukuma mbavu zake zitoboe ngozi, nazo zikipita hubeba sumu iliyo juu ya ngozi. Pokédex, kamusi ya Pokémon ndani ya mchezo, inasema Clodsire akishambuliwa huchomoza miiba minene kutoka mwilini.