Dereva ametozwa faini: je, fidia ya majeruhi imeishia hapo?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Morogoro. Miaka miwili na miezi minne iliyopita kaka yangu, ambaye ni fundi seremala, aligongwa na Coaster ya abiria akivuka barabara kwenye pundamilia. Alivunjika mguu, na hadi leo hawezi kusimama kazini kutwa nzima. Dereva alikiri kosa mahakamani, akalipa faini, akaachiwa. Mmiliki anasema sheria imeshachukua mkondo wake, yeye hakuwa kwenye usukani, na isitoshe gari lilikuwa na bima ndogo tu. Kuna kijana tuliyekutana naye nje ya kituo cha polisi ambaye aliahidi kutufuatilia bima kwa theluthi moja ya fidia. Alichukua PF3 halisi (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), na kaka akamsainia karatasi ya kumruhusu. Sasa hapokei simu. Je, bado tuna haki?

JIBU: Haki mnayo, ila mmebakiwa na miezi minane tu ya kuidai. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya fidia kwa madhara yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Muda huo haukusimama kusubiri kesi ya dereva imalizike, na hausimami kwa sababu kuna mtu mliyemwamini ambaye anadai kuwa anafuatilia. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa, lakini hilo ni suala la kuombewa na kutolewa sababu, na sijawahi kumshauri mteja yeyote alitegemee.

Jambo ambalo kila wiki hunilazimu kulieleza upya, na ambalo mmiliki wa gari hilo amelitumia dhidi yenu kwa ufundi, ni imani kwamba kesi ya trafiki ndiyo kesi ya majeruhi. Kesi ile ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva, kaka yako akiwa shahidi, na faini iliyolipwa imeingia serikalini. Ni kweli kwamba mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyedhurika, lakini mara nyingi dereva akikiri kosa asubuhi, shauri huisha siku hiyo hiyo bila mtu yeyote kumuuliza majeruhi ametumia kiasi gani hospitalini. Dai la fidia ni shauri la madai linalojitegemea, na majeruhi mwenyewe ndiye hulifungua. Kutiwa hatiani kwa dereva hakujawafungia mlango. Kumewarahisishia kazi, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaichukua hukumu ya jinai, baada ya muda wa rufaa kupita, kuwa uthibitisho kamili kwamba mtu huyo alitenda kosa lile. Nendeni mahakamani mkaombe nakala iliyothibitishwa ya hukumu hiyo wiki hii.

Hoja kwamba mmiliki hakuwa kwenye usukani haina uzito. Mwenye gari la biashara anawajibika kwa uzembe wa dereva aliyemwajiri akiwa katika kazi aliyomtuma, na ndiyo maana hati ya madai huwataja wote wawili. Hoja ya bima ndogo inaniudhi zaidi, kwa sababu bima hiyo, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaifanya kuwa ya lazima, imewekwa mahususi kwa ajili ya mtu wa tatu aliyeumia au kufa. Asiyelipwa na bima ndogo ni mmiliki kwa uharibifu wa gari lake mwenyewe. Jina la kampuni ya bima mtalipata katika taarifa ya polisi ya ajali. Hakikisheni kwamba bima hiyo ilikuwa hai siku ya ajali, kwani stika inayoonekana leo kwenye kioo inaweza kuwa ya kampuni nyingine kabisa. Kampuni inaweza kukubali kumalizana nanyi nje ya mahakama, lakini mazungumzo nayo pia hayasimamishi ukomo wa muda. Ikisuasua au kukataa, malalamiko yanapokelewa na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na pia TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.

Gharama za hospitali, dawa, nauli za kliniki na kipato cha useremala kilichopotea vinahitaji kuthibitishwa kwa vielelezo, kimoja kimoja. Mahakama zetu hazikisii. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na hakimu, naye huegemea taarifa ya daktari. Kuhusu PF3 iliyochukuliwa, rudini kituo kilichoitoa na hospitali iliyoijaza, kwa kuwa majalada yapo na taarifa ya daktari inaweza kuandaliwa upya kutokana na kumbukumbu hizo.

Sasa kijana wenu. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza mtu asiye na sifa kufanya kazi za uwakili, na wakili wa kweli jina lake linaonekana katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambao mtu yeyote anaweza kuupekua kwa simu. Vishoka hawa hukaa nje ya vituo vya polisi na kwenye milango ya wodi za mifupa, na baadhi yao hupenyezewa habari za ajali kabla hata ndugu hawajapigiwa simu. Kupotea na nyaraka ndilo dogo wanaloweza kukufanyia. Baya zaidi ni kwamba kishoka mwenye PF3 halisi na idhini yenye saini yako anaweza kwenda kwenye kampuni ya bima, akakubali kiasi chochote anachopewa, akasaini kwa niaba yako hati ya kumaliza madai, na siku utakapofika na wakili utaonyeshwa hati hiyo. Kuipinga kwa hoja ya udanganyifu kunawezekana chini ya Sheria ya Mikataba, lakini hapo umeshajiongezea kesi ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta wakili, kaka aandike barua ya kufuta idhini ile, aipeleke kwa mkono kwenye kampuni ya bima, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na aulize kwa maandishi kama kuna malipo yoyote yaliyokwisha kufanyika kwa jina lake. Kama fedha za wakili hazipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa huduma waliosajiliwa ambao humsaidia asiye na uwezo bila malipo. Anayejiita msaidizi wa kisheria huku akidai theluthi ya fidia si mmoja wao.