Maswali yenu: Mjomba ana pesa, ajenti ana njia ya mkato

SWALI: Salamu dada. Nimepata admishoni ya masters Uingereza, chuo kiko Leeds, naanza mwezi wa tisa na fii tumelipa nusu. Baba alifariki zamani, mjomba ndo alinisomesha na ndo sponsa wangu, pesa anayo benki na ana hati ya shamba pia. Sasa ajenti mmoja wa Kampala ananiambia stetimenti ya mjomba haikubaliki, eti yeye atanitafutia watu waweke pesa kwa akaunti yangu, nikishatoa stetimenti wanachukua pesa yao na mimi nawapa chao. Nimkubalie? Mwenye wasiwasi, Arua.

JIBU: Huyo ajenti nusu ya kwanza kasema kweli, halafu kwa kutumia hiyo kweli anataka kukuuzia uongo.

Kweli yenyewe ni hii: kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza pesa iwe kwa akaunti yako, au ya mzazi, au ya mtu ambaye kisheria ni mlezi wako, mwenye karatasi ya korti. Mjomba hayumo, hata kama ndo kakulea toka uko mdogo. Sisi huku tunaona ajabu maana nani hajasomeshwa na mjomba au shangazi? Lakini ndo sheria yao, na watu wananyimwa viza kwa hilo huku pesa ipo.

Dawa ni rahisi. Mwambie mjomba akuhamishie hizo pesa kwa akaunti yako mwenyewe mapema, aandike na kabarua kwamba amekupa, ziwe zako, halafu usiguse. Zinatakiwa kukaa siku 28 mfululizo na zisishuke chini ya kiwango hata siku moja, hata kama umetoa kidogo tu ya boda na kesho yake ukarudisha, hesabu inaanza upya. Na siku ya mwisho ya stetimenti isizidi siku 31 kabla hujatuma maombi. Au kama mama yupo, ziende kwa akaunti yake, hapo utaambatanisha cheti chako cha kuzaliwa cha NIRA, wale wa vitambulisho na vyeti vya Uganda, na barua ya mama kwamba amekubali utumie.

Kiwango? Fii ya mwaka wa kwanza iliyobaki, ile mliyolipa inapunguzwa ila hakikisha chuo wameiandika kwenye CAS yako, yaani ule uthibitisho wa chuo wa kuombea viza, ongeza pesa ya kuishi. Toka Novemba 2025 nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani pauni 10,539, huko kwetu inakaribia shilingi milioni 50. Weka na ya ziada, shilingi inapanda na kushuka na wao wanabadilisha kwa reti yao, si ya duka la forex pale mjini. Hati ya shamba mrudishie mjomba aifungie, shamba halihesabiwi, ng'ombe vilevile. Na kama sehemu ya pesa iko mobile money ipeleke benki.

Sasa hao watu wa kukodisha pesa. Stetimenti ya jana na juzi haifiki siku 28 kwa hiyo hata haikusaidii, na wakiiacha mwezi mzima jua watakutoza mpaka ulie. Tena ofisi ya viza inaweza kuuliza benki yako moja kwa moja, wakikuta ni udanganyifu si kunyimwa tu, unaweza kufungiwa miaka 10. Miaka kumi dada yako nimekwambia, masters yenyewe ni mwaka mmoja! Mkimbie huyo mtu, na paspoti usimwachie.

Wakati siku zinahesabika nenda kapime TB, Waganda lazima kwa viza ya zaidi ya miezi sita, wanapima IOM, shirika la uhamiaji, pale Kampala, cheti kinakaa miezi 6. Kuna na pesa ya afya, pauni 776 kwa mwaka, inalipwa siku hiyohiyo unayotuma maombi, haimo kwenye zile milioni, watu wengi inawashtukiza.

SWALI: Nikienda masters naweza kwenda na mke wangu? Baba Shamim, Bombo.

JIBU: Hapana kaka. Toka Januari 2024 ni wanaosoma utafiti kama PhD, na wachache wenye skolashipu ya serikali, ndo wanapeleka familia. Ajenti akikwambia vingine muulize anakula wapi.

SWALI: Tumesoma kwa Kingereza toka praimari, bado natakiwa IELTS, ule mtihani wa Kingereza? Msomaji, Busia.

JIBU: Uganda haimo kwenye ile orodha yao ya nchi za Kingereza, najua inauma. Ila kwa digrii chuo chenyewe kinaruhusiwa kupima Kingereza chako kivyake, na vingine vinakubali matokeo yako ya UNEB, bodi ya mitihani ya Uganda. Kwa hiyo kabla hujalipia mtihani waandikie imeili watu wa admishoni, uliza kama wanapokea Kingereza cha UCE, mtihani wa kidato cha nne, na gredi gani, wakikubali waombe waiandike hivyo kwenye CAS. Wakikataa basi lipa ufanye, lakini uliza kwanza ni IELTS aina gani wanataka, ziko mbili tatu na si zote zinafaa kwa viza.