Maswali na majibu: Ng'ombe wa majani, kuanzia malishoni hadi buchani

Zaidi ya nusu ya maswali yaliyofika safari hii kuhusu ng'ombe wanaolishwa majani tu yana kasoro moja. "Nina shamba la wastani, niweke ng'ombe wangapi?" "Dume langu ni kubwa kiasi, nimpe dawa kiasi gani?" Wastani na kiasi si vipimo. Andika ekari, sentimita na siku, utajibiwa. Tumeanza na waliopima, au waliokaribia kupima.

Nina ekari 5 Muheza, nyasi za asili chini ya minazi mikongwe. Nataka kuanza na madume 10 wa kunenepesha kwa majani tu. Zitatosha? (Msomaji, Muheza)

Hazitoshi, hata kwa nusu yao. Piga hesabu kabla ya kwenda mnadani.

Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kwa siku majani ambayo yakikaushwa yana uzito wa asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na ushei. Nyasi mbichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hizo kilo 6 ni kilo 25 hadi 30 za majani kama unavyoyakata na mundu. Kwa ng'ombe 10 na siku 365 unahitaji karibu tani 23 kavu. Nyasi za asili zisizotunzwa zikikupa tani 3 kavu kwa hekta mshukuru Mungu, na nusu ya hizo lazima ibaki ardhini ili shina lipate nguvu ya kuchipua. Ekari 5 ni hekta 2. Unabaki na tani 3 za kulisha: ng'ombe mmoja, na chenji kidogo.

Otesha nyasi. Panikamu huvumilia kivuli cha minazi mirefu kuliko nyasi nyingi, na brakiaria hushika udongo vizuri. Ukizipa samadi na kung'oa vichaka, tani 8 kavu kwa hekta si ndoto kwa mvua ya Muheza. Chukua 4, acha 4. Hapo unalisha watatu na nusu hivi. Anza na watatu.

Gawa shamba vipande vinane. Wakati wa mvua ng'ombe wakae siku nne kwenye kipande, wahame, kipande kipumzike siku 28. Panikamu ingia ikiwa sentimita 60 hadi 70, toka ikibaki 25. Wengi hungoja mpaka ibaki kama kipara, halafu wanalaumu mbegu. Shina lililokatwa mpaka chini huchipua kwa akiba ya mizizi, na akiba ikiisha yanaingia magugu. Kiangazi usihesabu siku, pima urefu. Na minazi michanga iwekee uzio, maana ng'ombe hula makuti yoyote anayoyafikia.

Wanunuzi wa mnadani wanaangalia kwa macho tu na kutaja bei. Nina dume wa Boran chotara, wanasema "huyu kilo mia mbili". Nitajuaje? (Msomaji, Maramba)

Kwa futi ya fundi cherehani. Hili limejibiwa hapa mara nyingi, linajibiwa tena kwa sababu ndipo fedha ya mfugaji inapopotelea.

Msimamishe dume asubuhi kabla hajala wala kunywa, mahali tambarare, miguu minne imenyooka, kichwa kikitazama mbele. Zungusha futi kifuani, nyuma kidogo ya nundu na nyuma ya miguu ya mbele. Ivute ishike ngozi bila kubana. Kama futi yako inaishia sentimita 150 na haikutani, tumia kamba, weka alama, kisha pima kamba chini. Halafu pima urefu wa mwili: kutoka ncha ya bega hadi mfupa uliochomoza kando ya shina la mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Jibu ni kilo.

Mfano: mzunguko 150, urefu 125. 150 mara 150 ni 22,500. Mara 125 ni 2,812,500. Gawa kwa 10,840, unapata kilo 259. Mtu anayekwambia mia mbili anakuondolea kilo 59 za mnyama hai. Ng'ombe wa majani akiwa na hali nzuri hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo hizo ni kilo 29 hivi za buchani. Zizidishe kwa bei ya mchanganyiko ya mtaani kwenu, utajua kwa nini hakuja na mizani.

Pima mara tatu na kuchukua wastani. Ukikosea sentimita 5 tu za kifua, 155 badala ya 150, jibu linaruka hadi kilo 277. Na baada ya kiangazi kirefu usitarajie nusu. Mnyama aliyekonda anaweza kushuka hadi asilimia 45, kwa sababu utumbo na kichwa havikondi kama misuli.

Nikimpa pumba na mashudu ya nazi miezi miwili ya mwisho tu, bado namuita ng'ombe wa majani? (Msomaji, Pongwe)

Hapana. Ni nyama nzuri, iuze kwa jina lake.

Wateja wanakataa nyama yangu kwa sababu mafuta ni ya njano. Wanasema ng'ombe mzee au mgonjwa. (Msomaji, Kerege)

Majani mabichi yana karotini, rangi ile ile ya karoti, na huhifadhiwa kwenye mafuta. Mnyama mwenye damu ya Jersey huonyesha zaidi. Uzee nao huongeza rangi, kwa hiyo mteja hajakosea kabisa, mwonyeshe meno. Dume wa meno mawili ya kudumu ana miaka miwili na kidogo, wa manne ana kama mitatu.

Ugonjwa wa manjano ni kitu kingine, na mkaguzi anautambua: njano inaingia hata kwenye sehemu ambazo zingetakiwa kuwa nyeupe, kama weupe wa jicho, kano, na utando wa ndani wa mishipa mikubwa ya damu. Kama njano iko kwenye mafuta peke yake na kano ni nyeupe, ni majani. Bandika maelezo hayo buchani. Lakini usipitilize ukaandika kwamba nyama hii inatibu presha au kisukari. Ina omega-3 zaidi ya nyama ya ng'ombe wa nafaka, kweli, ila ni kidogo ukilinganisha na sahani ya dagaa. Mgonjwa akiacha dawa kwa sababu ya bango lako, dhambi ni yako.

Naweza kutumia chumvi ya mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo badala ya jiwe la madini?

Inampa chumvi tu, haimpi fosforasi. Ukiona ng'ombe anatafuna mifupa, amechelewa kupata madini, na mifupa hiyo inaweza kumpa sumu ya kuua. Changanya kilo moja ya chumvi na kilo moja ya DCP (unga wa madini wenye fosforasi na kalsiamu), weka kwenye hori lenye paa. Ikinyeshewa inayeyuka na fedha yako.

Nilimchoma aivameki wiki iliyopita, mteja wa harusi anamtaka Jumamosi. Kuna shida? (wasomaji watatu, kwa maneno tofauti)

Kuna shida, na mnaijua, ndiyo maana mnauliza. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja na zimeandikwa kwenye chupa. Aivameki (dawa ya minyoo) ya sindano kwa kawaida ni siku 28 hadi 35. OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) ya asilimia 20 mara nyingi ni 28. Tafuta mnyama mwingine. Weka daftari lenye namba ya hereni, dawa, tarehe ya kuchoma na tarehe ya kuruhusiwa kuchinja. Anayeuza "nyama safi ya asili" huku dawa ingali mwilini anawaharibia jina wafugaji wote wa majani kuanzia Mkinga hadi Mapinga.

Hoteli mbili Bagamoyo zimerudisha nyama, wanasema ngumu kama kiatu. Ng'ombe wangu ana miaka mitatu tu na alinona vizuri. (Msomaji, Zinga)

Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, siku ya mwisho. Ng'ombe aliyesafiri kwenye lori juani, akapigwa fimbo akishuka na kuchinjwa dakika hiyo hiyo, amemaliza sukari ya misuli. Nyama yake haipati ule uchachu kidogo unaotakiwa baada ya kufa. Inakuwa nyeusi, inanata na haikai. Mfikishe machinjioni jioni, apewe maji bila chakula, alale, achinjwe alfajiri.

Pili, baridi. Ng'ombe wa majani ana mafuta machache mgongoni, hana blanketi. Ukimkimbiza kwenye chumba cha baridi kali mara tu anapochunwa, misuli inajikunja na haikunjuki tena hata uchemshe siku nzima. Saa 10 za mwanzo nyama isishuke chini ya nyuzijoto 10. Baada ya hapo ishushe kati ya 0 na 4 na uiache ining'inie siku 5 hadi 7. Zaidi ya hapo, nyama isiyo na mafuta inakauka nje na unakata maganda.

Tatu, mkato. Bucha zetu hupasua kwa shoka juu ya gogo, na kipande cha shingo kinaingia mfuko mmoja na cha mgongoni. Hoteli inayochoma inataka mgongo na sarara. Shingo, kifua na miguu ni vya mchuzi na supu. Viuze hivyo na kwa watu hao.

Kama huna chumba cha baridi, usijaribu kuning'iniza usiku kwenye joto letu la pwani. Uza siku ile ile, na mteja wa mishkaki mkumbushe papai bichi, jambo ambalo kila jiko la pwani linalijua.

Nikichinja nyumbani na kutangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, napunguza gharama. Vibaya?

Vibaya. Nyama ya kuuza inapita machinjio yaliyosajiliwa, mkaguzi anamuona mnyama akiwa hai na baada ya kuchinjwa, na inagongwa muhuri. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ipo, na Bodi ya Nyama inasajili wauzaji. Ila hata bila sheria: kimeta hakionekani kwa macho ya jirani.

Hei (majani makavu ya akiba) niliyofunga Juni imeota ukungu ndani ya marobota. (Msomaji, Pangani)

Uliifunga mbichi. Upepo wa bahari huirudishia unyevu kila usiku. Ikusanye kabla ya jua kuzama, ifunike, itandaze tena kesho. Kabla ya kufunga, jaza nyasi nusu ya chupa kavu ya kioo, weka kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, bado. Ikibaki inatiririka, funga. Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 hutoa robota la kilo 20 hivi. Panga juu ya magogo, si sakafuni. Yenye ukungu usiwape. Itie kwenye shimo la samadi.

Niko jirani na hifadhi ya Saadani. Ng'ombe wanakonda ingawa majani yapo tele. Nimewachoma Berenil mara mbili. (Msomaji, Mkwaja)

Unapaswa kuwa wa kwanza kulijua jibu, maana umekaa juu ya historia yake. Ranchi ya Mkwaja ilianza miaka ya 1950 ikiwa na mtaji na madaktari, ikafungwa mwaka 2000, na nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o, ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mbung'o hawajahama.

Berenil ni dawa ya nagana inayomtibu aliyeugua, haimkingi. Wiki chache baadaye anaumwa na mbung'o mwingine. Kinga ni sindano ya Samorini, inayodumu miezi miwili hadi minne, pamoja na dawa ya kumwagia mgongoni inayoua mbung'o na kupe. Kwanza bwana mifugo achukue damu, kwa sababu ndigana (ugonjwa wa kupe) na minyoo nayo hukondesha. Halafu rudi kwenye futi, umpime uzito kabla ya dozi. Pakiti ya Berenil ya gramu 2.36 ni ya ng'ombe wa kilo 300. Watu huigawa kwa ng'ombe wawili wa kilo 250 kila mmoja, vimelea vinaonja dawa bila kufa, na vinavyobaki ndivyo vinavyozaliana. Majani mengi yasikushawishi kuongeza mifugo pale. Kilo unazopata malishoni zinaishia kwenye sindano.

Nataka kulenga Idd Kubwa. Ninunue lini na nichague wa namna gani? (Msomaji, Kiwangwa)

Swali zuri, na kalenda inalibadilisha kila mwaka. Idd el-Hajj hurudi nyuma siku 11 hivi. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, 2026 mwishoni mwa Mei, 2027 itakuwa katikati ya Mei mwezi ukiandama. Kwetu masika huanza katikati ya Machi, kwa hiyo kila mwaka siku za majani mabichi kabla ya Idd zinapungua. Ukiwa na siku 70 za majani mazuri na ongezeko la nusu kilo kwa siku, ni kilo 35. Ukimwacha apoteze kilo 20 Januari na Februari wakati wa kaskazi, umebaki na 15, na hiyo si biashara.

Kwa hiyo nunua Juni au Julai, baada ya Idd, si Februari. Mpitishe kiangazi na hei, umpe vuli nzima, na uweke kipande kimoja bila kukilisha tangu Desemba kwa ajili ya kaskazi. Majani ya kwanza ya Machi ni maji matupu na huharisha. Wiki mbili za mwanzo mpe hei asubuhi kabla ya kumfungulia.

Awe ametimiza miaka miwili, na meno mawili ya kudumu ndiyo ushahidi wako mbele ya mnunuzi. Asiwe chongo, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda. Kuhasiwa si kasoro. Ng'ombe mmoja hubeba watu saba, kwa hiyo andika majina saba na kianzio cha kila mmoja kabla ya mwezi kuandama, na bei ikubaliwe mnyama akiwa hai, kwa kilo ulizopima mbele yao. Kibali cha kusafirisha kichukue mapema. Kwa kila wanne ulioahidi, weka mmoja wa akiba: anayeteleza akishuka kwenye gari na kuanza kuchechemea siku mbili kabla ya Idd hafai tena kwa udhiya, na watu saba watakuwa mlangoni kwako.